Nilivyochagua skii nyepesi za kupandia mlima, na nilicholipa

Hapa Innsbruck, jimbo la Tirol, Austria, wapenzi wa skii, vile vibao virefu vya kutelezea kwenye theluji, ni makundi mawili. Kuna wanaopandishwa na kebo, wanateremka kwenye njia zilizoshindiliwa na mashine, kisha wanapanda kebo tena mpaka jioni. Na kuna wanaopanda kwa miguu yao, skii zimefungwa kwenye mabuti na ngozi zimebandikwa chini yake ili zisirudi nyuma. Hao hupanda saa mbili, tatu, hata nne, ili washuke mara moja tu kwenye theluji ambayo hakuna mashine iliyoigusa. Nilipomweleza mama kule Moshi habari za kundi la pili, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Yaani mwanangu, unapanda mlima mzima, halafu unashuka, basi? Na pesa unatoa wewe?" Nikasema ndiyo, mama. Akasema, "Baba yako angalau alikuwa analipwa."

Baba alibeba mizigo ya watalii Kilimanjaro miaka mingi, mmoja wa wale wanaoitana wagumu. Getini mzigo wa mpagazi hupandishwa kwenye mizani, na kikomo ni kilo 20, kwa hiyo nyumbani kwetu uzito ulikuwa mazungumzo ya mezani tangu nikiwa mdogo. Mama alipompa simu, hakuuliza bei. Aliuliza, "Mguu mmoja unabeba kilo ngapi?" Nikamwambia bado sijapima. "Pima. Mzigo wa mgongoni utauzoea. Kiatu kizito hutakizoea."

Nimekuwa nikiulizwa na Waswahili wenzangu wa huku, mmoja yuko Salzburg, mwingine Zürich, wanunue nini wakitaka kuanza. Jibu langu limekuwa refu kila mara, kwa hiyo naliandika lote hapa, pamoja na hesabu za pesa, kwa sababu pesa ndiyo watu wanaiona aibu kuiuliza.

Sababu iliyonipeleka milimani kwa miguu ilikuwa pesa pia. Tiketi ya kebo ya siku moja kwenye vituo vikubwa vya Tirol inapita euro 60. Ninafanya kazi ya uuguzi, kwa zamu, na kuteleza nilijifunza nimeshapita miaka thelathini. Niliona wenzangu wa kazini wakitoka zamu ya asubuhi, wanatupa skii kwenye gari, na saa kumi jioni wako mlimani bila kumlipa mtu isipokuwa maegesho. Nikadhani nimegundua mchezo wa bure. Ukishakuwa na vifaa ni karibu na bure, hilo ni kweli. Vifaa vyenyewe ndiyo habari.

Majira ya baridi ya kwanza nilitumia seti ya kuazima. Mwenzangu mmoja alikuwa nayo stoo, nzima kabisa, ya zamani kidogo. Nilipanda nayo hadi nikawa najua kila benchi la kupumzikia kwenye njia ya Mutterer Alm. Baada ya maneno ya baba nikaichukua mizani ya jikoni na kupima kipande kimoja kimoja. Skii moja: kilo 1.9. Kifungio chake, aina ile ya fremu inayonyanyuka yote pamoja na kisigino unapopiga hatua: kilo 1.1. Buti moja: kilo 1.75. Ngozi: gramu 250. Jumla, kilo 5 kwa kila mguu.

Sasa piga hesabu. Tuseme mlima wa siku nzima unakutaka hatua 3,000 kila mguu. Kila nusu kilo unayoipunguza mguuni ni tani moja na nusu ambayo mguu huo hautaisukuma mbele siku hiyo. Skii haiinuliwi, inaburutwa (anayeinua utamwona amechoka kabla ya wenzake hawajavua koti), lakini hata kuburuta kuna gharama yake. Wapanda milima wana kauli ya zamani kwamba kilo moja mguuni ni sawa na kilo tano mgongoni, na vipimo vilivyofanywa kwa wanajeshi wenye mabuti mazito vilikaribia huko huko.

Basi nikaamua kununua vyepesi. Hapo ndipo mambo yanapogeuka, kwa sababu uzito unaoukwepa wakati wa kupanda unaweza kukudai wakati wa kushuka, na swali zima la kuchagua skii za aina hii ni wapi uko tayari kulipa.

Anza na buti. Najua skii ndizo zenye rangi na michoro, na ndizo zinazotundikwa ukutani dukani, lakini buti ndilo linalogusa mwili wako. Buti lisilokaa vizuri litakumaliza kabla skii hazijapata nafasi ya kukuonyesha ubaya au uzuri wake. Mabuti mepesi ya kupandia yana swichi nyuma ya kisigino: ukiifungua kifundo kinacheza mbele na nyuma, nyuzi 60 hivi kwa mabuti ya kawaida ya aina hii, na unatembea, ukiifunga linakuwa gumu kwa ajili ya kushuka. Nenda dukani mchana au jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uvae soksi nyembamba zile zile utakazopandia. Mwambie muuzaji atoe buti la ndani. Ingiza mguu kwenye ganda tupu la plastiki, sogeza vidole viguse mbele, kisha tazama nyuma ya kisigino. Sentimita moja hadi moja na nusu ya nafasi inatosha. Zaidi ya mbili, kisigino kitakuwa kinapanda na kushuka kila hatua, na malengelenge hayatasubiri kilele.

Mguu wangu ni mpana mbele na mwembamba kisigino. Miguu mingi ya nyumbani ninayoijua, iliyokulia kwenye kandambili, iko hivyo. Duka la kwanza lilinisukumia saizi kubwa zaidi ili upana utoshe. La pili lilinipa saizi yangu, likapasha moto buti la ndani ili lishike umbo la mguu, likatanua plastiki kwa joto pale kwenye dole gumba, vyote ndani ya bei. Nililipa euro 520, toleo la msimu uliopita. Buti moja gramu 1,180. Ukiniuliza ni euro zipi kati ya zote sijutii hata kidogo, ni hizo.

Kwa skii nilivutwa na mizani peke yake. Miezi ya Oktoba na Novemba miji mingi ya huku huwa na masoko ya vifaa vya mtumba, na huko nikakutana na skii za mashindano: urefu sentimita 160, upana wa kiunoni milimita 65, gramu 740 kila moja. Gramu 740! Vifungio vilikuwa tayari juu yake, kila kimoja gramu 150. Bei euro 180 kwa vyote. Muuzaji alikuwa mkweli, aliniambia ni za kukimbilia. Nilisikia "nyepesi" tu.

Gharama ya kwanza ilikuja kwa fundi. Kifungio cha skii hutobolewa kwa urefu wa soli ya buti fulani. Urefu huo umeandikwa kwa milimita ubavuni mwa buti, upande wa kisigino. Vifungio vingi vya kawaida vinaruhusu kusogezwa sentimita moja mbili. Vya mashindano vingi haviruhusu, na soli yangu ilikuwa fupi kuliko ya mwenye skii wa kwanza. Fundi akapima, akatikisa kichwa: mashimo mapya yangekaa karibu mno na yale ya zamani, na skii nyembamba ya kaboni haipendi mashimo yaliyobanana. Suluhisho likawa kibao cha chuma cha kusogezea kisigino, pamoja na kazi yake euro 90. Kwa hiyo kabla hujalipia skii za mtumba zenye vifungio, piga picha ile namba ya buti lako, na muulize muuzaji namba ya lake. Ni dakika moja.

Kupanda nazo? Sina malalamiko. Miguu ilikwenda yenyewe. Nilifika juu Patscherkofel nikiwa bado na hamu ya kuendelea, na mlima umeisha.

Kushuka kulikuwa mambo mengine. Kwenye njia iliyoshindiliwa, mradi laini, nilijikongoja. Kwenye theluji ya unga zilizama. Na siku nilipokutana na ganda, ile theluji ambayo juu imeganda kidogo na chini ni laini, inayokubeba hatua mbili na ya tatu inavunjika, skii zilikuwa zinakwenda zinakotaka zenyewe. Nilishuka nusu ya mlima ule kwa kukata kona za kusimama, ninateleza kwa pembeni, ninasimama, ninajigeuza kwa kurusha mguu. Mzee mmoja wa Kitirol alinipita, pengine amekaribia miaka sabini, akanisalimia kwa upole mno.

Sababu yake si siri. Skii nzito ina wingi wa kutosha kupita juu ya donge na kulimeza. Nyepesi inarushwa na kila donge. Ongeza nyuzi za kaboni, ambazo ni ngumu sana kwa uzito wake na haziui mtetemo vizuri, na kila kinachotokea chini unakipata gotini. Wanaoziweza wapo. Mchezo wao, kukimbia kupanda na kushuka, umeingia kwenye Olimpiki ya Majira ya Baridi ya 2026. Lakini wengi wao wamesimama kwenye skii tangu hawajajua kusoma. Wewe uliyejifunza ukubwani, kama mimi, hiyo akiba ya utotoni huna, na skii ndiyo inabidi ikusaidie.

Baada ya hapo niliacha kuangalia mizani peke yake nikaanza kuangalia upana. Upana unaozungumzwa ni ule wa kiunoni, chini ya buti, kwa milimita. Za mashindano ziko 65 hivi, gramu 700 hadi 900. Za kupandia zilizo nyepesi bila kuvuka mpaka ni 80 hadi 90, na huwa kati ya gramu 1,000 na 1,350. Za watu wanaopanda kwa ajili ya kushuka ni 95 hadi 105, gramu 1,300 hadi 1,700. Zaidi ya hapo ni habari ya unga mwingi na miguu minene. Upana hauongezi uzito wa skii tu, unaongeza na wa ngozi, maana ngozi inakatwa kufuata skii. Na kuna jambo ambalo halikutajwa kwenye duka lolote nililoingia: ukipanda kwa kukata mteremko mgumu asubuhi, skii pana inakupinda kifundo, kwa kuwa ukingo wake wa chuma uko mbali na katikati ya mguu. Milima ya hapa asubuhi huwa migumu mara nyingi.

Tazama na kilichomo ndani. Kiini cha skii nyingi ni mti. Paulownia na balsa ni miti myepesi kabisa, mpopla uko katikati, ash ni mgumu na mzito. Skii yenye paulownia tupu na kaboni itapendeza mizanini. Yenye mchanganyiko, mti mgumu kidogo ukipita chini ya mguu, itapendeza mlimani. Muuzaji anayejua kazi yake atakujibu swali hilo bila kufungua kitabu. Uzito ulioandikwa kwenye lebo nao una namna yake: mara nyingi ni wa urefu mmoja tu wa toleo lile, na skii mbili za jozi moja zinaweza kupishana gramu kadhaa. Mimi huingia dukani na mizani ndogo ya kuning'iniza. Wananicheka, lakini wanaisubiri isome.

Kuhusu urefu, kwa skii nyepesi za kupandia wengi huku wanachukua kipimo cha kimo chao kutoa sentimita tano hadi kumi. Nina sentimita 163, nikachukua 156. Fupi ni rahisi kugeuza kwenye kona za kupanda, zile za kuzungusha mguu nyuma kwenye mteremko mkali, na zenyewe ni nyepesi zaidi. Ndefu imetulia kasi ikiongezeka. Kasi yangu si ya kuleta ubishi.

Na zile zilizoandikwa za wanawake? Nyingine kweli ni laini zaidi na zimepunguzwa uzito kwa makusudi. Nyingine ni skii zile zile, urefu mfupi, rangi tofauti. Linganisha namba, upana kwa upana na gramu kwa gramu, utaona mwenyewe zipi ni zipi.

Nilikodi kabla ya kununua tena. Kukodi seti nzima hapa kulinigharimu kati ya euro 35 na 45 kwa siku, na duka moja lilinikatia sehemu ya fedha hiyo kwenye bei niliporudi kununua. Uliza, hawalisemi wenyewe. Nilipanda mlima ule ule kila mara ili tofauti iwe ya skii na si ya njia. Ushauri wangu mkubwa hapa: usijaribu skii siku ya unga. Siku ya unga kila skii ni nzuri, hata mlango wa kabati utateleza. Jaribu siku mbaya, theluji imekatwakatwa na wenzako wa jana, imelala usiku, imeganda. Ile itakayokufikisha chini siku hiyo bila kukutoa machozi ndiyo ya kununua.

Kwa namna hiyo nilitua kwenye milimita 84, gramu 1,220. Kwenye mwinuko nilihisi tofauti na zile za 740, nisidanganye. Lakini niliweza kupiga kona za mfululizo kwenye theluji iliyoharibika, polepole, bila kusimama, na hilo lilikuwa jipya kwangu.

Vifungio. Karibu vyote vyepesi vya leo vinafuata wazo la Mwaustria wa hapa hapa Tirol, Fritz Barthel, la miaka ya 1980: badala ya fremu ya chuma, buti lina vishimo vya chuma ubavuni mwa ncha na nyuma ya kisigino, na kifungio ni pini tu zinazoingia humo. Unapopanda, pini za mbele zinashika na kisigino kiko huru. Fremu hakuna, kwa hiyo hunyanyui kitu isipokuwa buti lako. Vinaanzia gramu 110 kwa vya mashindano hadi karibu 900 kwa vile vya mchanganyiko vinavyoshuka sawasawa na vya kawaida. Mimi nilichukua vyenye kurekebishika nguvu ya kuachia buti unapoanguka, kisigino kinachosogea, na breki, vile vimikono vinavyozuia skii isikimbie ikishaachia buti. Gramu 390 pamoja na breki.

Breki watu hubishana sana. Mwenye kamba ya kufunga skii kwenye buti badala ya breki anaokoa gramu mia hivi kila mguu. Ila ukianguka kwenye maporomoko ya theluji, skii iliyofungwa na kamba inakuvuta chini nawe. Kwa sababu hiyo hiyo, ile lachi ya mbele unayoifunga wakati wa kupanda lazima ifunguliwe kabla ya kushuka, la sivyo kifungio hakiachii. Hakikisha pia breki zina upana unaozidi skii kidogo tu. Breki nyembamba haishuki, pana mno inakwaruza theluji kila kona. Na kabla ya kulipa uliza kama meno ya chuma ya kupandia barafu yanapatikana kwa kifungio hicho na kwa upana wa skii yako. Asubuhi za Machi bila meno hayo utageuka urudi nyumbani.

Ngozi nitazisema haraka. Zamani zilikuwa ngozi za sili, leo ni mohea, yaani manyoya ya mbuzi wa Angora, au nailoni, au vyote viwili. Mohea inateleza vizuri mbele. Nailoni inashika zaidi na haichakai haraka. Nina mchanganyiko wenye mohea nyingi. Zikate ziache ukingo wa chuma wazi pande zote, zitunze ndani ya koti wakati wa kushuka ili gundi isigande, na zikaushwe mbali na hita.

Mahali pa kutopunguza gramu ni usalama. Kila mtu kwenye kundi anabeba redio ya kutafutia waliofunikwa, inayotumia masafa ya kilohezi 457, na beleshi la chuma, na fimbo ndefu ya kuchoma theluji. Vyote vitatu vilinigharimu euro 320. Vitakuwa takataka kama hujafanya mazoezi navyo, maana aliyefunikwa ana dakika kumi hivi kabla nafasi yake ya kuishi haijaporomoka, na helikopta haifiki kwa muda huo. Fanya kozi. Chama cha milima cha Austria, cha tangu 1862, hufundisha, na uanachama wake una bima ya uokoaji ndani, jambo la kufikiria ukijua safari ya helikopta hufika maelfu ya euro. Taarifa ya hatari ya maporomoko kwa Tirol hutoka kila jioni saa kumi na moja, kwa viwango 1 hadi 5. Isome kabla ya kuseti kengele ya asubuhi. Mimi ikifika 3 nabaki kwenye miteremko isiyofika nyuzi 30, na sijawahi kulala njaa kwa ajili hiyo. Namba ya uokoaji mlimani hapa ni 140.

Hesabu yote basi: mabuti 520, skii 430, vifungio na breki 360, kutoboa na kufunga 50, ngozi 165, meno ya chuma 75. Euro 1,600 kamili. Weka 320 za usalama, ni 1,920. Hapo sijaweka fedha za kukodi. Zile za mashindano zilinitoka 270 pamoja na fundi, nikaja kuziuza 150 kwa kijana anayekimbia kweli. Alizipima kwa kidole kimoja akatabasamu. Uzito wa mguu mmoja sasa, skii, kifungio, buti na ngozi ya gramu 190, ni kilo 2.98. Nilimpigia baba nikamwambia. "Toka tano?" akauliza. Toka tano, baba. "Haya. Sasa punguza unachobeba kwenye begi, maana nakujua."

Mlima ninaoupenda na seti hii ni Lampsenspitze, kutoka Praxmar kwenye bonde la Sellrain. Unaanzia karibu mita 1,690, kilele kiko 2,875. Zamani na vifaa vya kuazima sikuwahi kuuthubutu. Sasa naufikia na miguu inabaki na kitu cha kushukia, na hilo kwangu ndilo faida ya wepesi kuliko muda wa saa. Majeraha mengi ya goti ninayoyaona kazini ni ya mchana, ya watu waliochoka. Lakini bado kuna siku nalipa. Baada ya saa sita, nyayo za watu zikianza kuganda tena, gramu 1,220 zinanirusha kuliko skii za kebo zingenirusha, na inabidi nisimame katikati ya skii, nisiegemee mbele, nipige kona za duara na nikubali kwenda polepole.

Huwa naulizwa pia, na Wazungu hasa, kama nyumbani kuna watu wa skii. Nawatajia Mkenya Philip Boit, aliyemaliza wa mwisho mbio za kilomita 10 pale Nagano 1998 huku bingwa Bjørn Dæhlie akimsubiri kwenye mstari amkumbatie, na Sabrina Simader, aliyekulia hapa Austria akaiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya 2018. Halafu nawaambia kwamba Kibo yenyewe ilishatelezwa na Wajerumani mwaka 1912, Walter Furtwängler na Siegfried König. Skii za enzi hizo zilikuwa mti mtupu. Nani alizibeba mpaka juu, baba yangu anasema hahitaji kuambiwa.

Usinakili namba zangu. Rafiki yangu mmoja wa Nyeri, anayeishi München, ana kilo 95 na amekuwa akiteleza tangu chuo. Alizishika zangu akasema, "Dada, hizi ni njiti, zitanivunjikia." Yeye ana za milimita 96, gramu 1,480, na kwa mwili wake na theluji anayoifuata zinamfaa. Uzito wako, umri uliojifunzia, na theluji unayokutana nayo wiki hadi wiki, si ile ya kwenye picha, ndivyo vya kupeleka dukani.

Na nenda Aprili. Msimu unaisha, matoleo yanabadilishwa, mara nyingi kilichobadilika ni rangi, na bei inashuka theluthi nzima. Ubaya wake ni kwamba unachukua kilichobaki. Sentimita 156 ilikuwa imebaki jozi moja, ya waridi iliyokolea, na ndiyo ninayoitumia.